Sisimizi Nyuma ya Mgomba

Kila alasiri, akitoka shuleni, Céline aliosha mirija. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu alipoweza kubeba kibuyu cha maji bila kukimwaga. Baba yake, Papa Marcellin, alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na watu wa Kibabi waliisifu kupita ya wengine wote. Siku ya kunywa, wanaume na wanawake wazima waliuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake wa tete. Walipoondoka, mirija ilibaki imelala majanini.

Céline aliijua mirija kama mchungaji anavyojua mbuzi wake. Ikikaa bila kuoshwa, sisimizi weusi waliifuata kwa mistari mirefu, na utamu uliokauka ndani ukaiziba. Mirija mipana ilizibuka kwa maji. Ile myembamba ndiyo iliyoziba kwanza, na mara nyingi haikufaa tena ila kutupwa motoni.

"Mama wa mirija!" rafiki yake Valérie alimtania kutoka njiani. "Wenzako tunaruka kamba, weye unaogesha matete!"

"Nikiacha kuogesha, baba yako atakunywa na nini? Na pua?"

Valérie alicheka mpaka akakaa chini.

Mama yake Céline, Mama Anastasie, alikuwa mwanamke wa nguvu. Aliteremka mpaka soko la Kirotshe, kando ya ziwa, na kikapu cha maharagwe mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, na akarudi kilimani siku hiyohiyo akiimba. Lakini mwaka ule, wa sita tangu uhuru, nyimbo zilipungua. Alikonda huku anakula vizuri. Alikunywa kibuyu kizima cha maji na kuomba kingine. Kilichomtuliza kidogo kilikuwa mutobe, maji matamu ya ndizi kabla hayajawa pombe, na Papa Marcellin hakumnyima. Kila mara aliacha jembe na kwenda nyuma ya migomba kujisaidia.

Kisha yakatokea madoa. Yalikuwa kwenye miundi, pale mbele chini ya magoti: madoa ya mviringo, ya rangi ya kahawia, makubwa kama punje za maharagwe, yamebonyea kidogo. Hayakuwasha wala kuuma. Hakuna aliyeshangaa. Kibabi kuna baridi na ukungu, na wanawake wanaokaa karibu na moto jioni hupata alama miguuni.

"Iko moto tu," alisema Mama Anastasie, akishusha kikwembe chake, nguo aliyojifunga kiunoni. "Nitakaa mbali kidogo."

Siku moja Céline alitumwa kukata majani ya mgomba. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo mama yake alizoea kwenda, aliona ardhi imekuwa nyeusi. Sisimizi walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuwaona kwenye mirija, wanakuja, wanarudi, wanapandana. Alisimama pale na panga mkononi. Alijua kwamba sisimizi hawa hufuata utamu. Je, hapa palikuwa na utamu gani?

Alimwambia mama yake. Mama Anastasie aliacha kumenya muhogo.

"Nani mwengine anajua?"

"Hakuna muntu, Mama."

"Basi ifie mu kinywa yako. Mutoto hatajake mahali muzazi anajisaidiaka. Iko aibu, na iko laana. Na bantu bakisikia sisimizi banafuata mukojo yangu, batasema nini? Batasema niko mulozi. Apa."

Céline aliapa. Alitii mila ya kwao, na tena alimpenda mama yake. Hivyo alinyamaza, na kila alipopita nyuma ya migomba aligeuza uso.

Jioni moja ya mvua, familia yote ilikuwa imekaa kuzunguka mafiga. Shangazi Adelaïde, dada mkubwa wa Papa Marcellin, alikuwa amekuja kuwatembelea. Katika ukoo ule neno la Shangazi Adelaïde lilikuwa kama neno la chifu. Mama Anastasie alinyoosha miguu kwenye moto, kwa kuwa siku hizo miguu ilikuwa baridi na mizito, kama si yake. Alikuwa anaeleza habari za bei mbaya ya maharagwe.

"Nani ametia ngozi ya mbuzi mu moto?" Shangazi Adelaïde aliuliza, akiziba pua.

Watu walitazamana. Céline ndiye aliyeona kwanza. Kisigino cha mama yake kilikuwa juu ya kaa jekundu, kinafuka moshi, na mama yake bado anaongea, bado anacheka kidogo juu ya mchuuzi wa Kirotshe.

"Mama! Muguu!"

Shangazi Adelaïde aliukamata mguu ule akauvuta. Mama Anastasie aliangalia kisigino chake kilichoungua kama anaangalia kitu cha mtu mwingine.

"Sikusikia," alisema polepole. "Sikusikia hata kidogo."

Shangazi Adelaïde alirudi nyuma. Alipangusa mkono wake kwenye kikwembe, akaupangusa tena, akaupangusa tena.

"Muntu asiyesikia moto," alisema, "sisi wote tunajua iko na nini."

Hakuna aliyelitamka neno lile, lakini kila mmoja alilisikia moyoni. Ukoma. Tangu zamani wazee wa milima ile walimpima mkoma kwa moto. Na yale madoa ya miguuni, waliyoyaita alama za jiko, sasa yalipata jina jingine.

Kesho yake walimjengea Mama Anastasie kibanda mwisho wa shamba la migomba. Alipewa chungu chake na kibuyu chake. Mkeka wake ulichomwa. Shangazi Adelaïde alichukua mrija wa wifi yake, aliokuwa anaunywea tangu siku ya ndoa, akauvunja vipande viwili mbele ya watu. Maana yake ilijulikana: mtu huyu hatakunywa nasi tena. Papa Marcellin aliangalia chini. Alikuwa mume mwema, lakini alikuwa mdogo wa Adelaïde.

Tangu siku hiyo Céline alipeleka chakula na kukiacha juu ya jiwe. Alipaswa kurudi nyuma kabla mama yake hajatoka. Mama alitoka akichechemea. Kidonda cha kisigino kilifungwa kwa majani na dawa za kienyeji, lakini hakikukauka. Vidonda vya watu wengine hupona. Kile kilikula chini, kikala pembeni, na mwishowe vidole vikaanza kuwa vyeusi kama ndizi iliyosahauliwa. Harufu yake ilifika mpaka kwenye jiwe.

"Niletee mutobe, mutoto wangu," mama alimwomba. "Kiu inaniua."

Céline alimletea mutobe mwingi. Aliona ni kitu pekee kizuri anachoweza kumpa.

Shuleni, watoto walisogea mbali naye kwenye benchi. Valérie hakumtania tena, na hilo lilimuumiza kuliko matusi.

"Valérie, kwa nini haunisemeshe?"

"Mama amenikataza," Valérie alijibu, akiangalia miguu yake. "Anasema bukoma inarukaka."

Mwishowe Shangazi Adelaïde aliamua. Mgonjwa atapelekwa kambi ya wakoma, mbali, upande wa Walikale, ndani ya msitu. Watu wa Kibabi walimkumbuka mmoja aliyepelekwa huko miaka ya nyuma. Hakurudi, wala habari zake hazikurudi. Wanaume walikata mianzi, wakatengeneza kipoyi, machela ya kubebea mgonjwa, na asubuhi yenye ukungu wakambeba Mama Anastasie juu ya mabega, midomo yao imefungwa vitambaa.

Céline aliambiwa aage kutoka mlangoni. Mama yake hakulia. Aliinua mkono mmoja tu, mkono uliokonda, na kipoyi kikapotea kwenye ukungu.

Kando ya mlango palikuwa na mirija imeegemezwa, ile ya Jumapili ambayo hakuna aliyekumbuka kuiosha. Sisimizi walikuwa wameipanda. Céline aliwaangalia. Wazee walikuwa wamesema mambo mengi juu ya ukoma: vidole, pua, madoa, moto. Hakuna hata mmoja aliyesema habari za sisimizi. Kama huu haukuwa ukoma, basi mama yake anapelekwa kufia msituni bure. Lakini alikuwa ameapa. Akisema, atamvua mama yake nguo mbele ya wanaume wote wale. Asiposema, hatamwona tena.

Alikimbia.

Aliwakuta njia panda, pale njia moja inapopanda kuelekea Masisi na msitu, na nyingine inateremka kwenda ziwani. Wabebaji walikuwa wameweka kipoyi chini wapumzike. Papa Marcellin alikaa kando, peke yake.

"Rudi nyumbani!" Shangazi Adelaïde alimkemea. "Nani amekutuma?"

"Papa," Céline alisema, akihema. "Sisimizi banafuataka mukojo ya Mama."

Wabebaji wawili walicheka kwa mshangao. Juu ya kipoyi, Mama Anastasie alifunika uso kwa mikono.

"Funga kinywa!" Shangazi Adelaïde aliinua mkono. "Unatoa uchi wa mama yako mu njia? Ni mutoto wa namna gani huyu?"

"Muache, dada," Papa Marcellin alisema. Kwa mara ya kwanza Céline alimsikia akimkatiza. "Céline, rudilia."

"Sisimizi, Papa. Wengi. Tangu kabla ya kuungua, tangu madoa. Miye naosha mirija, nawajua. Hawafuate kitu isipokuwa na sukari. Miye naona Mama haiko na bukoma. Iko na sukari mu mwili."

Papa Marcellin aliinuka, akasogea karibu na kipoyi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa nzito.

"Wakati nilifanya kazi ku plantasio ya kahawa, kule chini, kulikuwa musimamizi mumoja muzungu. Alikuwa anakataa sukari mu chai. Alikonda sana. Mupishi wake alituambia sisimizi wanajaa mu chombo yake ya kukojolea usiku. Tulicheka sana, sisi vijana. Mupishi akasema, 'Musicheke, iko bugonjwa ya sukari, docteur anamupiga sindano.'" Alijishika kichwa. "Nilicheka, nikasahau. Na kila siku nilikuwa namupa bibi yangu mutobe."

"Marcellin, kambi iko mbali, tusichelewe," Shangazi Adelaïde alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hatuende kambi." Papa Marcellin aliondoa kitambaa mdomoni, akainama, akashika mwanzi wa mbele kwa bega lake mwenyewe. "Tunateremuka Kirotshe."

Katika hospitali ya Kirotshe walipokewa na muuguzi aitwaye Edmond, mtu mfupi mwenye sauti ya upole. Alibonyeza mishipa karibu na kiwiko cha Mama Anastasie. Alikwangua ngozi kidogo kwenye sikio, akaiangalia kwa hadubini kutafuta dalili za ukoma. Kisha akachukua mkojo wake, akautia pamoja na dawa ya buluu kwenye kichupa chembamba, akakipasha moto. Dawa ikawa ya kijani, ikawa ya njano, mwishowe ikawa nyekundu kama tofali.

"Bukoma hakuna," alisema Edmond. "Iko ugonjwa ya sukari. Na imekaa miaka mu huyu mama."

Papa Marcellin aliketi sakafuni. Céline alidhani sasa mambo yote yatakuwa mazuri. Lakini alimwona Edmond anafungua majani ya kidonda, na uso wake unabadilika.

"Kwa nini hakikauke, Papa Muganga?" Céline aliuliza.

Edmond alimwangalia. Watoto hawakuzoea kuuliza.

"Ngozi inalishwa na damu," alisema. "Na damu inafika mu ngozi kwa mishipa midogo sana, mingine ni myembamba kuliko unywele. Sukari ikizidi mu damu, mwaka kwa mwaka, kuta za mishipa hiyo zinakuwa nene. Njia inapungua. Ngozi inabaki na njaa. Na mishipa ya kusikia, ile inayokuambia 'huu moto unaunguza', nayo inaharibika. Muntu anaungua na hajue."

"Kama mirija ya kasiksi," Céline alisema taratibu. "Myembamba njo inaziba ya kwanza."

"Karibu sana. Tofauti iko hii: murija unazibwa na uchafu ndani. Huku ni ukuta wenyewe unaonenepa, na huwezi kuuosha." Aligusa yale madoa ya kahawia kwenye muundi wa mgonjwa. "Unaona haya? Hayaumi, hayaui, wala hayataki dawa. Lakini mara nyingi yanatuonyesha kwamba mishipa midogo imeanza kuharibika. Muntu akiyaona, na anakonda, na kiu haishe, apimwe mukojo siku hiyo."

"Kama Mama angekuja wakati wa madoa?"

Edmond alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunja tena.

"Pengine angerudi kwenu na miguu yote miwili," alisema.

Daktari aliukata mguu chini ya goti. Hakukuwa na njia nyingine, kwa maana uozo ulikuwa unapanda. Céline alikaa nje, kwenye majani, akisikia ziwa linapiga mawe. Hakulia mpaka alipoona kikwembe cha mama yake kinatolewa kwenda kufuliwa.

Mama Anastasie alipoamka, alimwita. Céline alisimama mlangoni kwa mazoea, mbali, kama kwenye jiwe.

"Karibia," mama alisema. "Karibia mpaka hapa." Alimshika mkono, na ulikuwa muda mrefu tangu washikane. "Unalia nini?"

"Nilinyamaza, Mama. Nilijua."

"Nani alikuambia unyamaze?"

Mama alimvuta karibu zaidi.

"Ni miye. Muguu huu haukuliwa na weye."

Walikaa Kirotshe mpaka msimu wa kuvuna maharagwe. Mama Anastasie alipigwa sindano, kisha akapewa vidonge, na akafundishwa chakula: maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, bugali kidogo kwa kipimo, na mutobe hapana kabisa, wala kasiksi. Kiu ilipungua. Alijifunza kutembea kwa magongo ya mti ambayo mumewe aliyachonga mwenyewe.

Siku waliporudi Kibabi, watu walijaa uani. Wengine walikuja kwa furaha, wengine kuangalia mguu usiokuwepo. Mtungi wa kasiksi uliwekwa katikati. Valérie alikaa karibu na Céline, akaweka kichwa chake begani kwake.

Shangazi Adelaïde alipita katikati ya watu. Mkononi alikuwa na mrija mpya, alioukata mwenyewe asubuhi, umeoshwa na kunyooshwa. Alipiga magoti mbele ya wifi yake. Katika kilima kile hakuna aliyewahi kumwona akipigia mtu magoti.

"Mama Céline," alisema. "Nilivunja wako. Pokea huu."

Mama Anastasie aliuangalia mrija, kisha akacheka, kicheko kidogo kikavu.

"Adelaïde weye! Wakati nilikuwa na kiu, ulinikataza. Sasa muganga amenikataza, njo unaniletea!"

Watu hawakujua kama wacheke. Mama Anastasie aliupokea mrija, akautia mtungini, akaugusa kwa midomo bila kuvuta. Akampa wifi yake, naye akautia kinywani mwake hapohapo, bila kuufuta. Basi ikawa imekwisha.

"Sasa musikie," Mama Anastasie alisema, naye alisema kwa sauti ya kufika mpaka njiani. "Mutoto huyu alitaja mbele ya wanaume kitu ambayo mutoto hatajake. Kama asingekitaja, leo ningekuwa mu udongo wa msitu. Miye njo nilimufunga kinywa, kwa sababu ya haya. Haya iko muzuri, inafunika mwili. Lakini ikifunika ugonjwa, inazika muntu. Batoto, mukiona kitu ku mwili yenu ao ya bazazi benu, doa, kidonda, sisimizi, museme. Museme mapema. Na sisi bakubwa, tusiwapige kwa kusema."

Kisha akaunyoosha mguu uliobaki, mbali na moto.

"Céline. Muganga alisema muguu uangaliwe kila jioni. Fanya hapahapa."

Céline alileta maji, akayajaribu kwa kiwiko chake, yakawa ya vuguvugu tu. Aliuweka mguu wa mama yake mapajani, akauosha, akaupangusa katikati ya vidole, akaugeuza kwenye mwanga.

"Sema kwa sauti," mama yake alimwambia. "Unaona nini?"

"Kisigino, salama. Vidole, salama." Aliinama zaidi. "Hapa chini kuna mwiba, Mama. Umeingia. Kuna damu kidogo."

"Sikuusikia," alisema Mama Anastasie.

"Miye nimeuona," alisema Céline, na Papa Marcellin alikuwa tayari amesimama kwenda kutafuta sindano na maji yaliyochemka.